Mtoto Aliyebadilika Ghafla Baada ya Maambukizi: Mwongozo Kamili kwa Mzazi

Mtoto wa miaka 7 anaweza kulala Jumatatu akiwa yule yule mliyemzoea, na kufikia Alhamisi akawa ananawa mikono hadi ngozi inachubuka, hamwachii mama aende hata chooni, anakataa chakula kwa hofu ya kukabwa, na mwandiko wake umeharibika kama wa mtoto wa chekechea. Wazazi hukimbilia kutafuta kosa la malezi: tumemdekeza, anamwonea wivu mdogo wake, ni utundu wa umri. Utundu wa umri hauna tarehe. Badiliko ambalo unaweza kuitaja siku lilipoanza, wakati mwingine hata saa, linataka uchunguzi wa mwili kabla ya kutafutiwa adhabu.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi aliye katikati ya hali hiyo. Haumfanyi kuwa daktari. Unampa zile kazi ambazo daktari hawezi kumfanyia: kuona, kuhesabu, kuandika, na kuendesha nyumba wakati matibabu yanaendelea.

Kinachodhaniwa kutokea mwilini

Mwaka 1998 Dkt. Susan Swedo na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walieleza habari za watoto 50 walioanza ghafla kuwa na mawazo na matendo ya kujirudia, au mishtuko ya misuli isiyo ya hiari kama kupepesa macho, kukunja shingo na kuguna. Dalili hizo zilihusishwa na maambukizi ya bakteria wa streptokoka kundi A, wale wale wanaoleta maumivu makali ya koo. Hali hiyo ikaitwa PANDAS. Baadaye ikaonekana wapo watoto wenye picha hiyo hiyo bila streptokoka, na mwaka 2012 likatolewa jina pana zaidi, PANS, lisilofungwa na kimelea kimoja.

Vigezo vya PANS ni vikali kuliko watu wanavyodhani. Lazima pawe na mwanzo wa ghafla wa mawazo na matendo ya kujirudia, au wa kukataa chakula kwa kiwango kikubwa. Pamoja na hilo, ziwepo dalili angalau mbili za makundi haya saba, nazo zimeanza wakati huo huo: hofu, hasa ya kutengana na mzazi, huzuni au hisia zinazopanda na kushuka, hasira na ukaidi usio wake, kurudi utotoni, mfano kuongea kitoto, kushuka kwa masomo, matatizo ya mwendo au kuchukizwa na sauti, mwanga na nguo, na dalili za mwili kama kukosa usingizi, kukojoa mara kwa mara au kulowesha kitanda. Mtoto aliyekuwa mkaidi kidogo na sasa ni mkaidi zaidi hayumo.

Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba kingamwili zilizotengenezwa kupigana na kimelea hukosea shabaha na kugusa sehemu za ndani ya ubongo zinazoongoza mwendo, mazoea na hofu. Kwa PANS na PANDAS wataalamu bado wanabishana, na utakutana na daktari asiyeamini hali hiyo ipo, kisha mwingine anayeiona kwa kila mtoto anayekohoa. Usipoteze nguvu kushinda mjadala wa jina. Hakuna kipimo kimoja cha damu wala picha ya ubongo inayosema "hii ndiyo". Utambuzi hujengwa juu ya historia, na historia iko kwako.

Hatua ya 1: Ondoa dharura kwanza

Kabla ya kufikiria PANS, hakikisha mtoto hana ugonjwa unaoweza kuua ndani ya saa au siku. Mpeleke mtoto hospitali sasa hivi, si kesho asubuhi, ukiona lolote kati ya haya:

- Degedege, kuzimia, kuchanganyikiwa hata asijue yuko wapi, au usingizi mzito asioamka kirahisi.
- Homa pamoja na shingo iliyokakamaa, kichwa kuuma sana, kutapika mfululizo, au madoa ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza.
- Kupoteza uwezo wa kuongea, mkono au mguu kulegea, uso kupinda, kuona au kusikia vitu visivyokuwepo, au misuli ya mdomo na uso kuchezacheza bila kukoma.
- Hajakojoa kwa saa 12, au amekataa kabisa kunywa.
- Anasema anataka kufa, au amejaribu kujidhuru au kumdhuru mtu.
- Ameanguka na kugonga kichwa siku za karibuni, au huenda amemeza dawa au kemikali.

Uvimbe wa ubongo unaoletwa na virusi, au na kinga ya mwili yenyewe, unaweza kuanza kama tatizo la tabia tu. Siku za kwanza mtoto anaonekana mkorofi, ana wasiwasi, halali. Degedege na kupotewa na maneno huja baadaye. Ndiyo maana orodha hii isomwe kila siku katika wiki mbili za mwanzo, hata kama siku ya kwanza aliruhusiwa kurudi nyumbani. Aliyeishi au kusafiri kwenye maeneo yenye malaria apimwe malaria siku hiyo hiyo. Anayekunywa maji kupita kiasi, anakojoa sana na kukonda apimwe sukari siku hiyo hiyo. Kisukari cha watoto hupita kimya kimya nyuma ya maneno "amekuwa mkali siku hizi".

Hatua ya 2: Andika kabla hujasahau

Chukua daftari moja, lisitumike kwa kingine. Ukurasa wa kwanza andika siku ya mwisho ambayo una hakika mtoto alikuwa mzima, na siku ya kwanza uliyoona badiliko. Kisha rudi nyuma wiki 6 na uandike kila ugonjwa, wake na wa watu wa nyumbani: koo, homa, mafua, sikio, jino, upele, vidonda vya ngozi, wekundu na kuwashwa kwenye njia ya haja kubwa. Hicho cha mwisho wazazi hukiruka kwa aibu, na streptokoka hukaa hapo pia. Andika na kila dawa iliyoanzishwa au kuachwa. Steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe) na baadhi ya dawa za pumu huweza kubadili tabia ya mtoto, na daktari asipoambiwa hawezi kubahatisha.

Baada ya hapo ni mistari michache kila jioni, kwa namba. "Leo alikuwa vibaya" haimsaidii mtu. Mfano wa kumbukumbu inayosaidia:

*Jumanne. Alilala jumla ya saa 6, aliamka mara 3. Mkojo mara 19, hasikii maumivu. Kunawa mikono jumla dakika 70. Aliuliza "nitatapika?" zaidi ya mara 40. Hasira 2, ndefu ilikuwa dakika 35. Vinywaji ml 700. Joto 36.8. Hakupewa dawa.*

Pima uzito mara mbili kwa wiki, mizani ile ile, asubuhi, akishakojoa. Kama hofu ya mtoto inahusu mwili au unene, apime akiwa ameipa mizani mgongo na namba uione wewe peke yako.

Video zina thamani kuliko maelezo marefu, kwa sababu mtoto wa namna hii mara nyingi hujikaza mbele ya daktari na kulipuka akifika nyumbani. Sekunde 30 hadi 60 zinatosha, ukiwa umesimama mbali, bila kumchokoza ili afanye. Usimtumie mtu mwingine zaidi ya anayemtibu. Mtoto atakua, na video haifutiki kwenye simu za watu.

Tafuta pia daftari lake la shule la mwezi uliopita na uliweke kando ya la sasa. Angalia herufi zilizokua kubwa, mstari unaopanda au kushuka, nafasi ya pembeni inayozidi kusogea ndani, maneno yaliyofutwa na kuandikwa upya mara tano. Kila wiki mwandikishe sentensi ile ile fupi, karatasi isiyo na mistari, tarehe juu. Ukifika mwezi wa pili utakuwa na ushahidi ambao hakuna mashine iliyoutoa.

Hatua ya 3: Kwa daktari

Nenda na ukurasa mmoja, si daftari zima. Mstari wa kwanza uwe: "Alikuwa mzima hadi tarehe fulani. Kuanzia tarehe fulani ameanza haya." Kisha dalili tano nzito kwa namba, magonjwa ya wiki 6, dawa, na video mbili. Daktari mwenye dakika kumi anaweza kufanya kazi na hilo.

Anza kwa kuomba koo lichunguzwe kwa kijiti cha pamba, hata kama mtoto halalamiki koo. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika. Kikiwa hasi, sampuli ioteshwe maabara, majibu huchukua siku moja hadi mbili. Kama kuna wekundu njia ya haja kubwa, na huko kuchukuliwe sampuli. Vipimo vya damu vya kingamwili za streptokoka vina mtego wake. Kingamwili iitwayo ASO hufikia kilele wiki 3 hadi 6 baada ya maambukizi, na ile ya anti-DNase B wiki 6 hadi 8, kisha zote huweza kubaki juu kwa miezi. Namba moja kubwa haisemi maambukizi yalikuwa lini. Vipimo viwili vilivyoachana wiki kadhaa, cha pili kikiwa kimepanda waziwazi, ndivyo vyenye maana. Na kinyume chake: mtoto mmoja kati ya kumi hivi wa umri wa shule huweza kubeba streptokoka kooni bila kuumwa, kwa hiyo kuikuta siyo lazima ndiyo chanzo.

Mkojo upimwe kwa kila anayekojoa mara nyingi. Picha ya ubongo, kipimo cha umeme wa ubongo au maji ya uti wa mgongo si vya kila mtoto. Vinahitajika pale dalili za Hatua ya 1 zinapojitokeza au daktari anapoona kasoro kwenye mishipa ya fahamu.

Kuna ugonjwa mmoja ambao haufai kabisa kupitwa: korea ya Sydenham, mojawapo ya sura za homa ya rumatiki. Huu unafuata streptokoka kwa kuchelewa, mara nyingi mwezi mmoja hadi sita, wakati kila mtu ameshasahau koo lile. Mtoto anakuwa na miondoko ya kuchezacheza isiyo na mpangilio, anaangusha vitu, analia ovyo, anasumbuliwa na mawazo ya kujirudia. Majaribio matatu unaweza kuyafanya mezani nyumbani. Mwambie atoe ulimi na aushikilie nje kwa sekunde 20: ulimi unaoingia na kutoka wenyewe ni dalili. Mwambie abane vidole vyako viwili kwa nguvu ile ile bila kuachia: mkono unaobana na kulegea, kubana na kulegea, kama anayekamua maziwa, ni dalili. Mwambie anyooshe mikono juu ya kichwa, viganja vikitazamana: viganja vinavyogeuka nje vyenyewe ni dalili. Ukiona mojawapo, mtaje Sydenham kwa daktari kwa jina lake na uombe moyo upimwe kwa picha ya mawimbi ya sauti. Homa ya rumatiki huharibu valvu za moyo kimya kimya, na kinga yake ni sindano za penisilini kila wiki 3 hadi 4 kwa miaka. Kulichukulia hilo kama tatizo la tabia ni kosa la kumgharimu mtoto moyo.

Kuna jambo jingine ambalo huanza ghafla: kudhulumiwa au kutishwa. Liulizwe, na liulizwe vizuri, mkiwa wawili, kwa sauti ya kawaida: "Kuna mtu amekuumiza, amekugusa vibaya, au amekutisha usiseme?" Kupatikana kwa streptokoka hakufuti swali hili.

Hatua ya 4: Dawa, na mahali zinapoharibikia

Maambukizi yaliyothibitishwa yatibiwe kama maambukizi. Koo la streptokoka kwa kawaida hutibiwa kwa penisilini au amoksilini ya kunywa kwa siku 10, au sindano moja ya benzathini penisilini. Penye tatizo ni siku ya nne: mtoto anachangamka, chupa inarudi kabatini, na bakteria waliobaki wanaanza upya. Weka alama kwenye kalenda kwa kila dozi, tumia bomba la kupimia badala ya kijiko cha chai, na mtoto akitapika ndani ya dakika chache baada ya dozi, piga simu uulize kama irudiwe. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema. Zipo dawa mbadala.

Antibiotiki za miezi kwa mtoto ambaye hakuna maambukizi yaliyoonekana ni jambo jingine. Usiziombe kwa kusikia kwamba mtoto wa fulani alipona nazo. Dalili za PANS hupanda na kushuka zenyewe, kwa hiyo dawa iliyotolewa wakati wa kushuka hupewa sifa isiyo yake.

Madaktari wengine hujaribu ibuprofeni kwa siku chache ili kupunguza uvimbe. Kipimo cha kawaida kwa watoto ni mg 10 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6 hadi 8, yaani mtoto wa kilo 20 hupata mg 200 kwa dozi. Kama chupa inasema mg 100 ndani ya ml 5, hiyo ni ml 10. Soma chupa yako, kwa sababu zipo nzito na nyepesi. Isitolewe bila ushauri kwa mtoto asiyekunywa maji, mwenye tatizo la figo au tumbo, mwenye tetekuwanga, au anayeshukiwa kuwa na homa ya dengi. Mtoto aliyekataa chakula na maji ndiye mzazi anatamani zaidi kumpa, na ndiye figo zake ziko hatarini zaidi.

Dawa za kupunguza wasiwasi na mawazo ya kujirudia hutumika pia, ila watoto hawa huweza kuzipokea kwa ukali, wakawa hawatulii na hawalali. Uliza kama unaweza kuanza na sehemu ndogo ya dozi ya kawaida na kupanda polepole. Steroidi na kingamwili za kuingizwa mshipani ni za hospitali, kwa walio katika hali mbaya, na ushahidi wake haujakomaa: jaribio la mwaka 2016 kwa watoto 35 halikuonyesha kwamba kingamwili hizo zilishinda dawa bandia kwa tofauti ya kuaminika. Mtu anayekuuzia matibabu hayo kwa uhakika wa asilimia mia, muulize maswali zaidi.

Hatua ya 5: Nyumbani, siku baada ya siku

Mawazo ya kujirudia yana njaa isiyoshiba. Kila unapojibu "ndiyo, ni safi", hofu hupoa kwa dakika mbili kisha inarudi kuuliza tena, safari hii ikiwa na mazoea ya kujibiwa. Lakini kukata kila kitu siku ya kwanza, mtoto akiwa kileleni mwa ugonjwa, huleta vita ambavyo hamtashinda. Wiki ya kwanza na ya pili lengo ni usalama, maji, chakula na usingizi. Usiongeze huduma mpya kwa hofu (usianze kuosha sahani mara tatu kwa sababu ameomba), ila usikimbilie kuondoa zilizopo.

Akianza kutulia hata kidogo, chagua tambiko moja tu (tendo analolirudia ili kutuliza hofu), lile dogo kuliko yote. Usianze na lile linalokukera wewe. Mwambie akupe namba ya hofu kutoka 0 hadi 10, na muanzie kwenye jambo la 3. Kwa kunawa mikono inaweza kwenda hivi: siku mbili za kwanza anasubiri dakika moja kabla ya kunawa, kisha dakika tatu, halafu sabuni tone moja tu, halafu sekunde 20 na bomba linafungwa, halafu kunawa kabla ya kula na baada ya choo tu. Ngazi ikimshinda siku tatu mfululizo, ilikuwa ndefu mno, igaweni. Tiba hii ya kukabili hofu bila kufanya tambiko ina ushahidi mzuri, na ukipata mwanasaikolojia anayeijua mpe yeye uongozi wa ngazi.

Kwa maswali ya kurudiarudia, kubalianeni mapema jibu moja na watu wazima wote wa nyumbani walitumie lile lile:

"Mama, hiki kijiko ni kisafi?"
"Nimeshakujibu mara moja, mwanangu. Hilo sasa ni swali la hofu, na hofu hatuijibu. Njoo tukunje hizi nguo."

Baba akijibu "ndiyo kisafi, acha kelele" chumba cha pili, kazi ya siku nzima imekwisha hapo.

Hasira za ugonjwa huu hazifanani na za kudai kitu. Mtoto hana anachotaka; macho yamepanuka, haisikii sauti yako, na baadaye huenda asikumbuke au akalia kwa aibu. Wakati wa mlipuko punguza maneno hadi matano au sita, watoe wengine chumbani, simama kwa ubavu umbali wa hatua mbili, usimzibe mlango. Usimshike isipokuwa anaenda kuumia au kuumiza. Mipaka inabaki, "kupiga hapana", ila mahubiri na adhabu visubiri. Na kwa jambo lililofanywa na ugonjwa, malipo yawe kurekebisha: kuokota, kufuta, kuomba radhi akiwa ametulia. Kabla ya mlipuko ujao, funga visu, mikasi, viberiti na dawa zote, zikiwemo za bibi na za wageni. Madirisha ya juu yawe na kizuizi. Garini akae nyuma, kufuli ya watoto imefungwa, kwa sababu wapo wanaofungua mlango gari likienda.

Akisema anataka kufa, muulize wazi kama amefikiria atafanyaje. Kuuliza hakumpi wazo. Mwenye njia aliyoifikiria haachwi peke yake hata kidogo, na anapelekwa kwenye huduma siku hiyo.

Chakula ndipo mambo huharibika haraka. Tafuta kwanza anaogopa nini: kukabwa, kutapika, sumu, uchafu, au kunenepa. Anayeogopa kukabwa atakubali vilaini na vya kunywa. Anayeogopa sumu atakubali kilichofungwa na kufunguliwa mbele yake. Katika kilele cha ugonjwa, kubali chakula chochote kinachopita, ukikiongezea mafuta au maziwa ili kijiko kidogo kibebe nguvu. Mtoto wa kilo 20 mwenye afya anahitaji takriban ml 1,500 za maji kwa siku kutoka vinywaji na vyakula vyote. Mpe kikombe cha ml 50 kila nusu saa akiwa macho badala ya bilauri kubwa mara tatu, na usimsimamie ukimtazama mdomoni. Uzito ukishuka kwa asilimia 10, yaani kilo 2 kwa mtoto wa kilo 20, ni suala la hospitali.

Usingizi: kumlaza chumbani kwenu kwa wiki chache si kushindwa. Weka godoro lake chini kando ya kitanda chenu, na akipata nafuu lisogeze kuelekea mlangoni kidogo kila siku tatu nne hadi lifike kwake. Choo: usimpunguzie maji ili asikojoe ovyo. Weka shuka la plastiki chini, nguo za kubadili karibu, na mtu yeyote nyumbani asiligeuze kuwa kichekesho.

Hatua ya 6: Shule

Ongea na mwalimu mmoja, si wote, na mpe barua fupi badala ya hadithi. Omba mambo yanayotekelezeka: ruhusa ya choo bila kunyoosha mkono, kazi ya nyumbani nusu au kusitishwa, mitihani ya kuongea au muda wa ziada kwa sababu mkono hauandiki, mahali pa kujificha dakika tano, na kurudi kwa siku fupi: muda wa saa mbili tu wiki ya kwanza, kisha nusu siku. Kukaa nyumbani miezi kunaifanya hofu ya shule kuwa ugonjwa wa pili. Omba pia ujulishwe darasani kukiwa na maambukizi ya koo, bila kutajiwa ni mtoto gani. Mtoto mwenyewe akiwa na koo la streptokoka, arudi baada ya kupita angalau saa 12 hadi 24 za antibiotiki na homa ikiwa imekwisha.

Ndugu zake, na ninyi

Ndugu waambiwe ukweli kwa sentensi mbili: ubongo wa mwenzenu umeumwa, hajifanyi, na siyo kosa lenu. Wawe na chumba cha kukimbilia na mtu wa kumpigia. Wasipewe kazi ya kumlinda. Ndugu anayeumwa koo apimwe. Wazazi gawaneni usiku kwa zamu. Wawili waliokesha pamoja ni wawili wasiofaa asubuhi.

Hatua ya 7: Kupona na kurudi tena

Nafuu haiji kwa mstari ulionyooka. Kwa wengi dalili hupungua kwa wiki hadi miezi. Dalili zinaweza kurudi na mafua au koo jingine, na mara nyingi mzazi huziona kabla ya homa: kukojoa kumezidi, macho yanapepesa, mwandiko umepinda. Andika dalili tatu za kwanza za mtoto wako, kwa sababu kila mtoto ana zake.

Chanjo ziendelee kwa ratiba, labda daktari aliyemwona aseme vinginevyo kwa sababu ya dawa fulani aliyopewa. Kisha andaa karatasi ya nusu ukurasa: dalili za mwanzo, kipimo cha koo kifanyike ndani ya siku mbili, uzito wa mwisho, dawa alizotumia na dozi zake, mzio, sentensi ya kujibu maswali ya hofu, na nani anabaki na ndugu zake usiku. Nakala moja ikae mlangoni mwa kabati la dawa, moja kwa mwalimu, moja kwa yule jamaa mnayemwachia watoto. Kila uzito au dozi inapobadilika, badilisheni nakala zote tatu siku hiyo hiyo.